Riakta ya kalsiamu kwa tangi la matumbawe: kuifunga, kuiwasha na kuituliza

Mwamba wa Kigamboni (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Swali la riakta ya kalsiamu (mtambo unaoyeyusha kokoto ili kurudisha kalsiamu kwenye tangi) huulizwa vipandevipande kwenye nyuzi za akwariamu, na jibu huwa lilelile: "Weka kiputo kimoja kwa sekunde, pH 6.5, utakuwa sawa." Jibu hilo halimsaidii mtu, kwa sababu halisemi tangi lake ni kubwa kiasi gani wala lina matumbawe mangapi. Nimeona nifungue uzi kamili, ili anayetaka kufunga mtambo huu ajue anachokifanya kabla hajaenda kununua mtungi wa gesi.

Kwa wasioijua: matumbawe magumu kama akropora na montipora hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti. Malighafi wanaitoa kwenye maji, yaani kalsiamu na alkaliniti (baikaboneti na kaboneti zilizoyeyuka majini, tunazipima kwa digrii za dKH). Bahari haiishiwi. Maji ya bahari yenye chumvi gramu 35 kwa kilo yana kalsiamu kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita na alkaliniti karibu 7 dKH, leo na kesho. Tangi la nyumbani haliko hivyo. Tangi la lita 400 lililojaa akropora zinazokua vizuri linaweza kula 2 dKH kwa siku moja. Usiporudisha kilicholiwa kwa siku chache tu, ukuaji unasimama na ncha zinaanza kuungua.

Riakta inarudisha hivi. Una chumba cha akriliki kilichojaa kokoto za aragonaiti, ambayo ndiyo madini yaleyale tumbawe linayojijengea. Maji ya tangi yanaingia humo, gesi ya CO2 inaingizwa, maji yanakuwa machachu na kokoto zinayeyuka. Kinachotoka ni maji mazito kwa kalsiamu na alkaliniti, mara nyingi kati ya 20 na 40 dKH, yanayodondokea polepole kwenye sampu (tangi la chini la kuchujia). Na kwa kuwa kilichoyeyuka ni kilekile kinachojengwa, uwiano unakuja wenyewe: kila 2.8 dKH inakuja na miligramu 20 za kalsiamu kwa lita. Ndiyo maana wenye matangi makubwa wanaipenda.

Sasa msimamo wangu, na ndio uliofanya nifungue uzi. Watu wanahangaika na viputo na pH ya riakta. Hivyo vyote ni njia tu. Namba zinazoendesha mtambo huu ni mbili: tangi lako linakula dKH ngapi kwa siku, na maji yanayotoka kwenye riakta yana dKH ngapi. Ukizijua hizo mbili, mengine ni hesabu ya darasa la sita.

Zima kila unachodosi (chumvi unazoongeza tangini kwa kipimo). Pima alkaliniti ya tangi, kisha pima tena kesho saa ileile. Tuseme imeshuka kwa 2 dKH na tangi lina lita 400 za maji halisi (mawe na mchanga usivihesabu). 400 mara 2 ni 800. Maji ya riakta yanatoka na 25 dKH, tangi unalitaka likae 8, kwa hiyo kila lita inayotoka inaongeza 17. 800 gawa kwa 17 ni lita 47 kwa siku, sawa na mililita 33 hivi kwa dakika. Hiyo 33 unaipima kwa silinda ya vipimo na saa ya simu. Hakuna kubahatisha.

Kwa nini alkaliniti na si kalsiamu? Kwa sababu 2 dKH ukitoa kwenye 8 ni robo nzima, utaiona hata kwa kipimo cha matone cha bei ndogo. Kalsiamu iliyoondoka pamoja nayo ni kama miligramu 14 kutoka 420. Vipimo vingi vya nyumbani haviwezi kukuonyesha tofauti hiyo kwa uhakika.

Kufunga sasa. Mtungi, juu yake regulata, kisha vali ya umeme, kisha koki ya sindano ya kupunguzia gesi, kikombe cha kuhesabia viputo, halafu vali ya njia moja kabla gesi haijaingia riakta. Hiyo vali ya njia moja msiidharau: bila yake maji ya chumvi yanaweza kurudi nyuma hadi kwenye regulata na kuila. Riakta yenyewe ina pampu yake ya kuzungusha maji ndani, maana kokoto zinahitaji maji yapite juu yake mara nyingi kabla hayajatoka.

Upande wa maji ndiko kunakoharibika zaidi. Wengi wanabana mpira wa kutolea kwa koki ndogo ili maji yadondoke. Koki hiyo inaziba. Chembe za kokoto, utando wa bakteria, chumvi iliyoganda mdomoni: leo unapata mililita 33, wiki ijayo 20, na alkaliniti ya tangi inashuka huku viputo vinaonekana vilevile. Mwenye uwezo anunue pampu ya peristaltiki (inayosukuma maji kwa kukamua mpira) iliyotengenezwa kufanya kazi mfululizo, aiweke upande wa kutolea ivute maji kupitia riakta. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kuwekea pesa, kabla hata ya kontrola ya pH (kifaa kinachosoma pH na kufungua au kukata gesi).

Kuwasha: osha kokoto kwa maji ya RO (yaliyochujwa kwa reverse osmosis) mpaka vumbi liishe, jaza chumba, endesha maji bila gesi kwa siku nzima ukikagua kila kiungo kama kinavuja. Kisha fungua gesi kidogo, kiputo kimoja kwa sekunde mbili hivi, uiache. Chumba kinahitaji saa nyingi kutulia. Pima pH ya ndani, 6.5 hadi 6.7 ni pazuri kuanzia kwa aragonaiti. Ukiteremka sana, kuelekea 6.2 na chini yake, kokoto zinageuka uji, maji hayapiti tena. Pima dKH ya yanayotoka, fanya ile hesabu, weka mwendo wa maji. Kisha pima tangi kila siku, na ukirekebisha, rekebisha kitu kimoja: ama gesi, ama maji. Ukiongeza maji bila kuongeza gesi, dKH ya yanayotoka inashuka, na hesabu yako ya mwanzo haifai tena.

Na kama tangi limeanza likiwa chini, tuseme 6 dKH, usiitumie riakta kulipandisha. Lipandishe kwanza kwa baikaboneti, si zaidi ya 1 dKH kwa siku, kisha riakta ije kushikilia hapo.

Karibuni tuchangie.

Njiwa Manga

Nimeweka kambi hapa.

Fundi Baridi

Mkuu, uzi mzuri. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, sina tangi la matumbawe bado, lakini upande wa gesi naomba niongezee kwa sababu mitungi ndiyo kazi yangu.

CO2 ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika. Kwa nyuzi joto 25 geji itasoma kama ba (bar) 64, na itaendelea kusoma hivyo hata mtungi ukiwa umebaki robo, maana presha inafuata joto na si kiasi. Geji ikianza kushuka, kimiminika kimeisha na gesi iliyobaki ni kidogo. Kwa hiyo mtungi wa CO2 unapimwa kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo, toa huo, unajua kilichobaki.

Ukipita nyuzi 31 hakuna kimiminika tena ndani, na presha inapanda haraka kadiri joto linavyozidi. Hiyo ndiyo sababu mtungi haujazwi mpaka juu, na ndiyo sababu hauachwi ndani ya gari juani. Dar na Mombasa hilo ni jambo la kila siku kati ya Desemba na Machi. Usimamishe wima, ufunge kwa mnyororo kwenye ukuta au kabati. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regulata.

Kingine: mwisho wa mtungi. Regulata ya hatua moja, presha ya ndani inapoporomoka, presha ya kutokea inaweza kupanda na gesi ikamiminika yote kwa pamoja. Kwa mwenye samaki huo ni msiba. Regulata ya hatua mbili inazuia hilo. Usipoipata, badilisha mtungi kabla haujaisha.

Regulata za mafundi wa kuchomelea zinafanya kazi, lakini zimetengenezwa kutoa lita kadhaa kwa dakika, wakati ninyi mnataka viputo. Bila koki ya sindano nzuri hutaiweza. Na wanaoagiza nje waangalie mdomo wa mtungi: Marekani wanatumia CGA 320, Ujerumani W21.8, Uingereza BS 8. Regulata isiyolingana na mtungi usiilazimishe kwa nati za kubuni.

Mwamba wa Kigamboni

Fundi, asante sana. Hilo la mizani ningeomba kila mtu alisome mara mbili.

Niongeze hesabu ya matumizi, maana huwa naulizwa mtungi unakaa muda gani. Lile tangi la lita 400 linalokula 2 dKH linatumia kama gramu 14 za kalsiamu kaboneti kwa siku. Kuyeyusha hizo kikemia kunahitaji gramu 6 hivi za CO2. Nyingine inapotea na maji yanayotoka, kwa hiyo hesabu zaidi ya hapo, lakini mnaona wenyewe kwamba mtungi wa kilo 5 si gharama ya kila mwezi. Kokoto nazo, kilo 5 kwa mwendo huo ni karibu mwaka, ingawa nashauri ujazie zikifika nusu.

Hapa ndipo riakta inapotufaa sisi wa huku. Chumvi za kudosi zinazotoka nje zinafika kwa kuchelewa na ushuru juu. CO2 inajazwa hapahapa, kwa wanaouza gesi za viwandani kwa mafundi wa kuchomelea na wenye mashine za soda.

Mama Akropora

Mimi niko Mombasa. Nakubaliana na mengi ila si yote, Mwamba.

Kontrola ya pH umeiweka nyuma sana. Kwetu umeme unakatika na kurudi. Kontrola inayofunga vali ya umeme pH ikishuka chini ya 6.4 ndiyo imelinda tangi langu. Mwenye kuanza bila hiyo anajiweka hatarini.

Mwamba wa Kigamboni

Dada, hapo tuko pamoja kama kontrola ni mlinzi. Ninachokataa ni kontrola kuwa dereva. Ukiifanya iwashe na kuzima gesi mchana kutwa kufuata 6.5, pH ya ndani inapanda na kushuka, na zaidi ya yote unaiamini sensa moja iliyoloweka kwenye maji ya gesi miezi na miezi. Sensa inahama. Wewe unaona 6.5, ukweli ni 6.2, kokoto zinakuwa uji.

Mimi naseti viputo vya mfululizo vinavyoshikilia 6.6 vyenyewe, kontrola naiweka ikate kwa 6.4. Siku ya kawaida haifanyi kazi yoyote.

Mama Akropora

Sensa inahama, kweli, ndiyo maana inakalibretiwa. Yangu naifanya kila mwezi. Na viputo navyo vinahama! Joto la chumba likibadilika, presha ikibadilika, koki ya sindano hutoa tofauti. Hakuna kisichohama kati ya hivyo viwili, basi bora kinachonipigia kelele.

Ila kwa kalibresheni nawaomba watu watumie maji ya kipimo ya pH 4 na 7. Naona wengi wanatumia 7 na 10 kwa sababu wamezoea kupima tangi. Riakta inakaa 6.5, iko kati ya 4 na 7.

Mwamba wa Kigamboni

Hilo la 4 na 7 ni muhimu sana, nashukuru kwa kulisema. Hilo lingine tutaendelea kutofautiana kwa heshima. Tunakubaliana kwamba mwisho wa yote ni alkaliniti ya tangi?

Mama Akropora

Hapo hakuna ubishi.

Bahari Kuu

Wakuu, umeme ukikatika kinatokea nini hasa? Gesi inaendelea?

Fundi Baridi

Vali ya umeme ya kawaida hujifunga umeme ukiondoka, kwa hiyo gesi inakatika. Hakikisha tu unanunua ile inayojifunga, kisha ijaribu: chomoa waya, tazama viputo kama vinasimama. Hatari ni pale gesi inapoendelea na pampu ya ndani imesimama; gesi inajikusanya juu ya chumba, na pampu ikiwaka inavuta hewa. Kama una inveta, usiweke vali ya gesi kwenye inveta halafu pampu ukaiacha kwenye umeme wa kawaida. Viende pamoja.

Mkazi wa Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Oman. Mimi shida yangu imekuwa pH ya tangi lenyewe. Toka nifunge riakta, alfajiri nasoma 7.7. Alkaliniti imetulia 8.2, matumbawe yako hai lakini hayakui kama zamani. Nyumba yetu inafungwa muda wote kwa ajili ya kiyoyozi.

Mama Akropora

Waalaykum salaam. Kiyoyozi ndicho chanzo kikubwa kaka. Watu wanapumua ndani, madirisha yamefungwa, CO2 ya chumba iko juu, na maji ya tangi yanaifuata. Juu ya hapo riakta inaleta maji yenye CO2 ya ziada. Usiku matumbawe na mwani havitumii CO2, vinaitoa, kwa hiyo alfajiri ndiyo pabaya kuliko saa zote.

Jaribu haya. Mpira wa hewa wa skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) upeleke nje ya dirisha. Ongeza chumba cha pili cha kokoto baada ya riakta, maji yanayotoka yapite humo, CO2 iliyobaki iyeyushe kokoto badala ya kuingia tangini. Na maji ya chokaa usiku kwa kujazia yanayovukizwa: yana pH ya 12.4 yakiwa yameshiba, yanaila CO2 na yanaleta kalsiamu na alkaliniti pia. Riakta na maji ya chokaa ni jozi nzuri mno, kila kimoja kinafidia cha mwenzake. Yadondoshe polepole tu, yakimwagika mengi kwa mara moja pH inaruka.

Mkazi wa Maskati

Ahsante sana. Chokaa hii ni ya kujengea?

Mtoto wa Lamu

Nijibu hapo. Kikemia ni ndugu. Wazee wetu Lamu, Kilwa na Unguja walichoma matumbawe kwenye tanuri la kuni, wakapata chokaa, wakaizima kwa maji, wakajengea nyumba na misikiti iliyosimama mpaka leo. Chokaa iliyozimwa ni kalsiamu haidroksaidi, na ndiyo inayotiwa kwenye akwariamu. Maji yake Wajerumani wanayaita Kalkwasser, na Peter Wilkens ndiye aliyeyaeneza kwa wafugaji wa matumbawe. Riakta nayo ilitoka hukohuko. Rolf Hebbinghaus wa Aquazoo ya Düsseldorf aliandika juu yake miaka ya 1990.

Lakini ya dukani ya kujengea usiitie. Haikutengenezwa kwa viumbe, ina magnesia, ina uchafu ambao hujui ni nini. Tafuta iliyosafishwa, ya daraja la chakula au la maabara.

Bahari Kuu

Kumbe! Basi kama ni matumbawe tu, si niokote vipande vilivyokufa ufukweni nivivunje nitie kwenye riakta? Huku vimejaa.

Mwamba wa Kigamboni

Hapana ndugu yangu, tafadhali sana. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), na ndani ya hifadhi kama Mafia au Chumbe huruhusiwi kuondoa matumbawe. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, vipande hivyo vinashikilia ufukwe na ni makazi ya viumbe wadogo. Sisi tunaofuga matumbawe ndani ya vioo tungekuwa wa mwisho kuupunguza mwamba ulioko nje.

Na kwa tangi lako pia si salama. Vipande vya ufukweni vimebeba mabaki ya viumbe na fosfeti. Riakta inayeyusha kila kitu, fosfeti inaingia tangini, mwani unalipuka. Hata kokoto za dukani pima fosfeti ya maji yanayotoka kabla hujaziamini.

Njiwa Manga

Mimi nina tangi la lita 90, akropora mbili na zoanthasi. Nianze na riakta ya ukubwa gani?

Mama Akropora

Usinunue, mdogo wangu. Maji ya chokaa kwenye maji ya kujazia yanakutosha, au chupa mbili, ya kalsiamu kloraidi na ya baikaboneti. Kubadilisha maji kila wiki kutafanya nusu ya kazi. Riakta ndogo kwenye tangi dogo ni ngumu kuituliza, kosa dogo la koki linaonekana siku hiyohiyo. Pesa hiyo nunua kipimo kizuri cha alkaliniti.

Kisima cha Chumvi

Wakuu nimefuata uzi huu hatua kwa hatua, nimekwama. Tangi lita 350, linakula 1.5 dKH kwa siku. Riakta inasoma pH 6.5 imetulia, maji yanatoka mililita 40 kwa dakika, lakini alkaliniti ya tangi inashuka kidogokidogo, sasa 7.1.

Mwamba wa Kigamboni

Umetoa namba, safi. Moja inakosekana: maji yanayotoka yana dKH ngapi?

Kisima cha Chumvi

Nimepima sasa hivi. 14.

Mwamba wa Kigamboni

Basi tatizo liko ndani ya riakta. Mililita 40 kwa dakika ni lita 57.6 kwa siku. 14 toa 7.1 ni 6.9. 57.6 mara 6.9, unaongeza kama 397; tangi linahitaji 350 mara 1.5, yaani 525. Lazima lishuke.

Kwa pH 6.5 ya kweli na aragonaiti nzuri ningetarajia zaidi ya 14. Kokoto ni mpya?

Kisima cha Chumvi

Mpya, chembe za kati, chumba kimejaa. Pampu ya ndani inazungusha vizuri.

Mama Akropora

Kalibreti sensa. 4 na 7.

Kisima cha Chumvi

Nimekalibreti. Mlikuwa sahihi. Nilipoirudisha ndani imesoma 6.9.

Mwamba wa Kigamboni

Ndiyo hiyo. Ongeza gesi kidogo, lenga 6.6, maji yaache hapohapo kwenye 40. Acha hadi kesho jioni kisha pima yanayotoka. Ili kushikilia 7.1 unahitaji kama 16.2, ukitaka tangi lirudi 8, lipandishe kwa baikaboneti, na riakta iwe inatoa 17 au zaidi kidogo. Yakitoka 22, usiguse gesi, punguza maji yafikie 26 hivi. Leta namba zote tatu ukishapima: ya tangi, ya yanayotoka, na mwendo wa maji.